Trekta la kijiji lilivyokokota karavani ya mkubwa hadi Mikumi, mvua ikiwa mlangoni

Wakuu, heshima kwenu. Walio wadogo kwangu, shikamoo zenu nimeshazipokea huku huku. Marahaba.

Juzi nilipita kwenye uzi mmoja humu. Kijana anauliza ni gari gani lina nguvu ya kukokota karavani mpaka Mikumi, akapige kambi na familia yake. Swali zuri, na akajibiwa vizuri.

Lakini mchangiaji mmoja akaandika kwamba starehe hizi ni za kizazi hiki, kwamba enzi za Ujamaa viongozi walilala kwenye mkeka kama wananchi wao.

Niliweka simu mezani, nikatoka nje, nikarudi. Bado nilikuwa na hasira. Ndiyo maana naandika.

Karavani ya kwanza niliyoiona maishani mwangu niliikokota mimi mwenyewe, kwa trekta la kijiji, kutoka Masanze hadi Mikumi. Ni miaka ile ya sabini. Nitaeleza nilichokiona kwa macho yangu, na nisichokiona nitasema sikukiona. Majina nimebadilisha na ofisi siitaji.

Nilikuwa dereva wa trekta wa kijiji chetu cha ujamaa. Kwa wasiojua, kijiji kile kilikuwa kipya. Watu tuliondolewa kwenye mashamba yetu ya zamani, wengine kutoka milimani kabisa, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara ya Kilosa kwenda Mikumi. Mihogo yetu tuliiacha ardhini kule tulikotoka.

Kwa hiyo mwaka ule chakula chetu chote kilitegemea shamba moja kubwa la kijiji. Udongo wake ni ule mweusi wa bondeni. Ukilimwa kabla ya mvua, unakupa mahindi mpaka unashangaa. Mvua ikikutangulia, trekta haliingii tena. Linazama mpaka kwenye ekseli.

Trekta tulitumia kwa zamu pamoja na vijiji vingine. Zamu yetu ilifika mawingu yakiwa tayari yanajikusanya upande wa milima. Nikaanza kulima. Nikalima kipande cha juu, kipande cha bondeni kikabaki.

Hapo ndipo alipotokea Ndugu Mkubwa.

Namwita hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alikataza kuitwa Bwana. "Mabwana waliondoka na mkoloni," alisema kwenye mkutano wa kutuhamisha. "Mimi ni ndugu yenu." Tukapiga makofi. Alikuwa Mnyamwezi, mtu wa maneno matamu na kicheko kikubwa. Kumbukeni hilo la Unyamwezi, lina kazi yake.

Siku hiyo alikuja na Landrova ya serikali inayokokota kitu cheupe, kirefu, chenye madirisha na mapazia ya maua. Nyumba ya bati juu ya magurudumu. Ilikuwa mali ya meneja mmoja wa shamba la mkonge upande wa Kimamba. Shamba lilipochukuliwa kuwa la umma, meneja akaondoka, karavani ikabaki. Sasa na yenyewe ilikuwa ya umma. Umma wenyewe ndio ulikuwa unaiona kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Ndani ya Landrova walikuwamo wageni wawili, mkubwa mwenzake kutoka Dar es Salaam na mkewe. Alikuwa akiwapeleka Mikumi kupiga kambi na kutazama tembo.

Landrova ikafia kijijini kwetu. Giaboksi. Ililia kama mbuzi, ikanyamaza.

Ndugu Mkubwa akashuka, akatazama Landrova, akatazama bondeni, akaona trekta.

Mwenyekiti wetu, Mzee Madodo, alikuwa mtu mpole, Mwanglikana wa milimani aliyesoma misheni. Akajaribu.

"Ndugu, mvua hii hapa. Bonde halijalimwa."

"Mzee Madodo, siku moja tu. Trekta linafika Mikumi, linageuza."

"Ndugu, siku moja ya leo si kama siku moja ya mwezi mwingine."

"Kwani trekta ni la nani?" akauliza Ndugu Mkubwa, sauti imepoa.

 Jibu lilikuwa rahisi, trekta ni la wananchi. Lakini miaka ile, swali likiulizwa kwa sauti ile, jibu halikuwa lako.

Plau likafunguliwa, likaachwa pale pale kwenye mtaro. Ndoano ya karavani haikukubaliana na pini ya trekta, tukafunga kwa mnyororo. Wageni wakapanda ndani, na Ndugu Mkubwa naye ndani. Nikatia gia.

Wakuu, karavani haikutengenezwa kukokotwa na trekta kwenye barabara ya wakati ule ya kupitia vijiji vya Ulaya na Zombo. Nilisikia vyombo vikianguka nyuma yangu kila tulipoingia shimoni. Kila baada ya muda dirisha linafunguliwa: "Dereva, taratibu! Mama anamwagikiwa na chai!"

Watu walitoka majumbani kutazama. Wageni wakawapungia mikono dirishani. Baadhi ya watu wakapiga makofi, wakidhani ni maonyesho ya kilimo.

Tukafika Mikumi. Kambi ikawekwa nje ya mpaka wa hifadhi, mahali ambapo tembo walizoea kuvuka kwenda kunywa maji. Nikafungua mnyororo, nikaaga.

"Unakwenda wapi?" akauliza Ndugu Mkubwa.

"Kulima."

Akacheka kicheko chake kile. "Na hii nyumba itarudishwa Kilosa na nani, punda milia?"

Nikabaki. Asubuhi nilikokota karavani kuelekea upande wa jua kwa sababu mama mgeni alihisi baridi. Mchana nikairudisha kivulini. Nikatumwa na trekta kuchota maji, nikatumwa kuni. Trekta la kulimia chakula cha kijiji kizima likawa linasogeza mapazia ya maua mbele ya tembo.

Nilikuwa na mke nyumbani na mtoto ananyonya. Nilikuwa natazama mawingu kuliko walivyotazama tembo.

Mvua ya kwanza ikanyesha tukiwa pale pale kambini. Mama mgeni akasema harufu ya udongo ni nzuri sana. Kweli ilikuwa nzuri.

Siku iliyofuata lori la mbao likasimama barabarani, wakashuka wanawake wa kijiji chetu na majembe yao begani. Mbele yao Bi Sikudhani.

Huyu Bi Sikudhani alikuwa Msagara wa bondeni, mjane, mwenye mdomo ambao hata mashehe waliukwepa. Na sasa nieleze, maana vijana wengi hamjui. Wasagara na Wanyamwezi ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana msibani, anaweza kuingia kwako akakamata kitu, na hakiachii mpaka umkomboe. Na sheria ni moja: ukikasirika, umeshindwa na umejiaibisha.

Mzee Madodo alishindwa kwa maneno ya kikao. Hawa walikuja na maneno mengine.

"Hodi humu!" Bi Sikudhani hakusubiri karibu. Akapanda ngazi ya karavani na matope yake miguuni. "Yuko wapi Mnyamwezi wangu? Au kakaa kwenye bati mpaka kawa Mzungu?"

Ndugu Mkubwa akainuka na kitambaa cha kulia bado kifuani. "Aa, Wasagara! Nani kawaambia huku kuna chakula?"

"Chakula? Babu zako walipita kwetu na pembe za ndovu kichwani, wakituomba maji. Tukawapa. Leo wewe unapita na nyumba nzima mgongoni kama konokono, na bado unaomba! Tena unaomba trekta!"

Mgeni kutoka Dar akaanza kucheka. Mkewe akafunika uso kwa kanga.

Wanawake wakaingia wote. Karavani ikainama upande mmoja. Mmoja akajilaza kwenye godoro la wageni, akajifunika shuka. Mwingine akawasha jiko la gesi kwa kubahatisha, akateleka viazi alivyokuja navyo. Majembe yakasimamishwa mlangoni.

"Sisi tunahamia," akasema Bi Sikudhani. "Mlituhamisha kule, tumezoea kuhamishwa. Hapa pazuri, pana mapazia."

Ndugu Mkubwa alikuwa anacheka kwa mdomo. Macho hayakucheka. Mimi nilisimama kando ya trekta, nikaona vizuri.

"Haya mtani, nimekamatika. Kikombozi nini? Kuna mchele hapa, kuna sukari."

"Mchele tunalima wenyewe, tukiachiwa. Tunataka hicho kilichokukokota."

"Nitarudije Kilosa?"

"Babu yako alirudije?"

Hapo mgeni alicheka mpaka akashika mbavu. "Ndugu yangu," akamwambia mwenyeji wake, "watani wamekuweza. Wape."

Mbele ya mgeni wake, na kwa sheria ya utani, hakuwa na njia. Akanigeukia. "Dereva, warudishe wake zangu hawa nyumbani."

Tulirudi tukiimba. Wanawake kwenye madigadi ya magurudumu, kwenye ndoano, wamenishika mabega. Sijawahi kuendesha trekta lenye furaha kiasi kile.

Ningependa uzi uishie hapo. Hauishii hapo.

Mvua ilikuwa imetutangulia. Niliingiza trekta bondeni, magurudumu ya nyuma yakazunguka mara chache, likakaa. Tukalichimbua kwa majembe, tukalivuta kwa kamba watu wote, na zamu yetu ikaisha likiwa bado na matope. Likaenda kijiji kingine.

Bonde tulililima kwa mkono, kadiri tulivyoweza. Magugu yakatushinda. Mahindi yakatoka membamba, ya manjano. Kabla mwaka haujaisha, wenye ndugu Malolo, upande wa milimani, walikuwa wanapanda huko kuomba chakula, na wasio na ndugu walichimba mizizi. Mke wangu maziwa yalipungua. Mtoto aliishi, lakini kuna nyumba za jirani ambazo siwezi kusema hivyo.

Ndipo Ndugu Mkubwa akaja kufanya mkutano.

Alikuja na Landrova yake imetengenezwa. Akasimama mbele yetu, akasema taarifa za mavuno ya kijiji chetu ni aibu. Akasema vijiji vingine vimejitosheleza. Akatafuta sababu, akaipata. Uvivu.

"Mmepewa trekta na serikali yenu," alisema, "na bado mnalala."

Mzee Madodo aliangalia viatu vyake. 

Bi Sikudhani akasimama. "Mtani wangu," akaanza, na watu wakaanza kutabasamu, wakajua leo tena.

Ndugu Mkubwa akamkatiza. "Mama, kaa chini. Hapa si mahali pa utani. Hapa ni kikao."

Hakukaa. Alikaza kanga yake kiunoni, akamtazama moja kwa moja.

"Sawa," akasema. "Kama si utani, basi leo ninaruhusiwa kukasirika."

Akamweleza yote, mbele ya watu wote. Trekta, mapazia, tembo, bonde. Hakutia mzaha hata mmoja. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyepiga makofi. Alipomaliza, Ndugu Mkubwa akafunga mkutano, akapanda gari.

Hakuadhibiwa na mtu. Wala Bi Sikudhani hakuadhibiwa, na wengine wakaniambia nishukuru kwa hilo. Sikushukuru. Mpaka leo sijashukuru.

Nilichojifunza ni hiki, wakuu. Siku ile Mikumi tulishangilia kana kwamba tumepewa zawadi. Mali yetu wenyewe tulirudishiwa kwa sababu mwanamke mmoja alijua kuchekesha, na kwa sababu mgeni wa mkubwa alikuwa na roho ya kucheka. Asingecheka je? Haki inayosubiri mtani awe na mdomo mzuri, mkubwa akiwa na hali nzuri, hiyo si haki. Na bado ilikuja imechelewa.

Kwa kijana wa karavani: nenda Mikumi, piga kambi, gari ni lako na mafuta ni yako. Tembo ni wazuri kweli. Sina ugomvi na wewe.

Ugomvi wangu ni na aliyeandika habari za mkeka. Aje hapa aniambie ni kiongozi gani, wa wapi, na alimwona akilala kwenye mkeka huo kwa macho yake au alisimuliwa. Na ninyi ambao wazazi wenu walikuwa kwenye vijiji vile, waulizeni trekta lao lilikuwa wapi mvua ya kwanza ilipoanguka, kisha mtuandikie hapa chini. Nasoma yote.