Pampu Iliyouawa na Ukweli Wangu

Jumanne nilikuwa gereji moja pale Himo. Gari langu kuukuu lilikuwa limezima njiani nikimpeleka shangazi Moshi kwa daktari wa macho, ambaye hufunga saa sita. Fundi alimwomba shangazi ashuke, akang'oa kiti cha nyuma, akachomoa pampu ya mafuta kutoka ndani ya tangi. Akainusa, kisha akanigeukia.

"Mzee, taa ya mafuta huwa inawaka?"

"Kila siku."

"Basi umeiua mwenyewe. Hii inapozwa na mafuta yanayoizunguka. Tangi likiwa kavu, inaungua. Kwa nini hujazi?"

Nikatazama viatu vyangu. Ndugu wasomaji, naungama. Kwetu Kirua gari la mtu mmoja ni la misiba, la kwaya na la mikungu ya ndizi ya majirani. Kukataa naona aibu, na uongo ni dhambi. Kwa hiyo miaka yote nimeliacha tangi karibu tupu, ili nikiombwa niseme kweli tupu: "Gari halina mafuta."

Shangazi akanishika mkono. "Kumbe kweli lilikuwa halina! Mwanangu, mara tatu nimekuomba unipeleke kliniki ukaniambia hivyo, nami moyoni nikakuita mwongo. Nisamehe."

Nikamwuliza fundi bei ya pampu mpya. Fundi alipomaliza kufunga pampu mpya tulikimbia Moshi, tukakuta daktari keshaondoka.

Njiani kurudi shangazi akauliza tena kama nimemsamehe. Nami, Mungu anirehemu, nikamsamehe.