Mche wa Mlimani Nyuma ya Nyumba ya Dani

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Basi sikiliza, ingawa mimi mwenyewe niliapa hivyo hivyo na sikumaliza siku mbili.

Nilipokuwa mtoto kule Ndhiwa, miaka ya tisini ikianza, jirani yetu Okumu alirudi kutoka kazi ya kuwabebea wageni mizigo kwenye mlima wenye theluji. Alikuja na miche ya podo ndani ya mikebe, akagawa boma kwa boma, akilipwa jogoo. Jioni alitusimulia huo mlima: chini podo nene, juu yake mianzi, juu zaidi miti mifupi yenye ndevu kama wazee, halafu miti inakoma, inabaki barafu tupu.

Bibi yangu Akoth, au Dani kama tunavyowaita mabibi kwetu, mjane mwenye mdomo, akamuuliza mbele ya watu, "Okumu, mti unaoogopa kupanda kwenye barafu, huku kwetu ardhi inakochoma nyayo utaishi vipi?"

Watu walicheka. Okumu hakucheka, na Dani hakupewa mche.

Miche ikakauka yote. Okumu akasema ni jicho la Dani. Mti wa mlimani una wenyewe, eti, jicho baya likiutazama unakufa. Na watu waliokula ugali wa Dani miaka yote wakaamini! Akipita, akina mama walificha watoto nyuma ya sketi. Mzee wa kijiji akaitisha baraza Jumamosi: Dani ahame, arudi kwao Mbita, kwa ndugu waliokwisha kufa.

Sasa siri. Dani alikuwa amenituma nikamwibie Okumu mche mmoja. Tuliupanda nyuma ya nyumba, upande usioona jua la mchana, chini ya mtungi uliotundikwa, unaotoa jasho tone tone. Ule mmoja ulikuwa na majani mapya.

"Dani, waonyeshe," nikamlilia.

"Nyathina, mwanangu, waniite na mwizi pia? Apa utanyamaza."

Nikaapa. Kesho yake kisimani nikamwambia Atieno peke yake, nikamwapisha. Kufika saa sita, kijiji kizima kilijua. Hata Okumu.

Hakuna aliyewahi kumwomba Dani msamaha, nakwambia. Leo mimi ndiye naitwa dani, na naona lile swali la barafu ndilo lililomponza. Angecheka tu na wenzake, nani angeliona jicho lake?

Jumamosi baraza likajaa, mlalamishi hayupo. Dani akasimama. "Twendeni kwanza mkaone mti wangu."

Tukazunguka nyumba, wazee mbele, watoto tukisukumana. Okumu alikuwa amechuchumaa chini ya mtungi, mkono mmoja umeshika shina, mwingine birika la maji yanayofuka mvuke.

"Mwaga basi, Okumu," Dani akasema. "Watu si hawa, wamekuja kuona jicho langu linavyoua mti."