Mpishi asiyeonja chungu cha Mungu

Jua halijachomoza, na mpishi wa hekalu ameshaoga, amevaa nguo safi na kujifunga kitambaa puani na mdomoni. Anakoroga sufuria kubwa ya dengu. Mvuke wa tangawizi unapanda, naye anageuza uso pembeni.

Haonji. Hata kunusa kwa raha anajizuia. Chakula hiki kwanza ni cha Mungu, ambaye waumini wa hekalu hili la Kihindu humwabudu katika sura ya mtoto mdogo: sanamu ya shaba inayoamshwa asubuhi, kuogeshwa, kuvishwa na kuandaliwa chakula. Binadamu watakula baadaye, kikishabarikiwa.

“Wewe una mtoto nyumbani, utakula ushibe ndipo umpe makombo?” anauliza. “Basi ndiyo hivyo.”

Kazi aliirithi kwa mama yake, nywele zikiwa bado nyeusi. Posho ni ya kumsitiri tu. Ada za binti yake zilitoka kwenye cherehani ya marehemu mkewe. Hakuwahi kutafuta kazi nyingine. Anasema bila kuona haya kwamba anampenda Mungu huyu kama mzazi anavyompenda mwanawe, na akisema hivyo machozi yanamlengalenga.

Miaka yote hiyo jicho na mkono vilimtosha kupima chumvi bila kuonja. Sasa kumbukumbu inamchenga. Daktari ameshamwambia kwamba dawa zitapunguza kasi ya ugonjwa tu, hazitaponya.

Binti yake, ambaye ni msusi, alibuni njia. Kabla ya kuwasha jiko, chumvi ya sufuria inawekwa kwenye kibakuli. Kibakuli kikiwa kitupu, chumvi imeshaingia. Mambo yalikwenda vizuri mpaka asubuhi moja mzee alipokiona kitupu, akadhani hajakijaza. Akakijaza, akamimina tena.

Dengu zikapelekwa mbele ya Mungu, pazia likafungwa, kengele ikalia. Kisha waumini wakagawiwa. Walikula kimya, wakiteremshia kwa maji, kwa kuwa chakula kilichotoka mbele ya Mungu hakitupwi. Kuhani alimaliza sahani yake bila kukunja uso. Mpishi, anayekula mwisho wa wote, alijua kwa tonge la kwanza.

“Watu wana midomo, wangeweza kunisema,” anasimulia. “Yeye je? Nimempa mtoto chumvi tupu, na hawezi hata kulia.”

Hakuna aliyemfukuza. Kuhani alimwambia, “Mzee wangu, Mungu anaangalia moyo. Endelea tu.” Mpishi mwenyewe ndiye aliyekataa.

“Nikamwambia, moyo ninao, lakini ndiyo nimharibie Mungu chakula kila siku kwa sababu nina moyo?”

Akamwomba binti yake ashike mwiko. Binti hakuwa amekanyaga hekaluni tangu alipomzika mama yake, na alikubali kwa shingo upande. Siku ya kwanza alipika wali wa maziwa, akachota kidogo na mwiko, akalamba.

“Mkono ulikwenda wenyewe,” anasema. “Jikoni kwangu naonja kila kitu. Ilibidi sufuria nzima tuwape majirani, tuanze upya. Baba alicheka mpaka akakaa chini.”

Sasa binti anapika kabla ya kwenda saluni. Mzee anakaa kwenye kigoda karibu na jiko, anatazama rangi ya dengu, anamwambia ngoja, bado, haya epua. Siku nyingine anamwita kwa jina la marehemu mkewe. Binti anaitika.

“Sitakudanganya, imani ya baba mimi sina,” anasema. “Ila nikifika kwenye chumvi, napima mara mbili. Naogopa kumkosea. Huwezi kumwogopa hivyo mtu asiyekuwepo.”

Baba yake ameshapanga yatakayokuja. Maadamu miguu inamtii, atabeba sinia kutoka jikoni hadi kwenye pazia.

“Ipo siku nitafika pale mbele nisijue yule ni nani,” anasema polepole. “Nimemwomba huyu binti kitu kimoja tu. Siku hiyo anishike mkono aniambie, baba, huyu ndiye uliyempenda. Nitamwamini.”