Maji ya Msiba Kule Mpakani

Nilikuwa nimekaa Durban miaka sita tangu nitoke Burundi, na sikuwa nimewahi kwenda kaskazini mwa jimbo, mpaka mama aliyeuza mizizi ya dawa pale soko la Warwick aliponiomba nimpeleke kwao. Meza yangu ya mikanda na chaja za simu ilipakana na yake. Mwaka ule wageni walipofukuzwa mitaani, alinificha chumbani kwake siku mbili, akawaambia waliokuja na marungu kwamba ndani hamna mtu ila mgonjwa. Sasa mgonjwa alikuwa yeye.

"Hospitali wameshindwa, mwanangu," aliniambia kwa Kizulu. "Nipeleke nikafie nyumbani."

Tulisafiri kutwa nzima kwa teksi mbili, kisha nyuma ya pikapu iliyohangaika kwenye mchanga. Kwao ni manispaa ya vijijini, imepakana na Msumbiji. Nyumba zimetawanyika, nyingi zimefungwa kwa kufuli. Wenye nguvu wote wako mijini. Mdogo wake wa kike alitupokea. Alimtazama dada yake, akageukia ukuta, akalia.

Siku ya tano, Jumatatu asubuhi, mama hakuamka.

Mazishi yalipangwa Jumamosi, lakini bomba lilikuwa kavu tangu mwaka uliotangulia. Mdogo wake akanituma ofisi ya manispaa kuomba lori la maji. Nilitembea saa mbili.

"Wewe ni nani wa marehemu?" karani aliuliza.

"Jirani yake wa sokoni."

Alikipindua kibali changu cha ukimbizi, akakitazama nyuma na mbele. "Eish. Kwa nini wasije ndugu?"

"Ndugu aliyebaki ni mmoja, na yuko msibani."

Akaandika kitu daftarini. "Alhamisi," akasema. "Dizeli ikiwepo."

Alhamisi tulikaa kuanzia alfajiri tukiitazama barabara. Ijumaa vilevile. Mchana wa siku hiyo tukasikia sauti za wanawake upande wa uzio wa mpaka. Walikuwa binamu za marehemu, waliozaliwa ng'ambo ya pili. Habari zilikuwa zimewafikia, wakaja na ndoo za maji kutoka kisima chao. Nilikimbia nikawainulia waya, wakapita mmoja mmoja wameinama, ndoo mikononi. Mbali kidogo mwanajeshi alisimama akitutazama. Mimi niliyevuka mipaka mitatu kwa kujificha nikabaki nimeshika waya. Yeye akavua kofia, akaenda zake.

Maji yale yalitosha kumwosha na kupika chakula cha waombolezaji.

Lori lilikuja Jumatatu, siku mbili baada ya mazishi, waombolezaji wakiwa wameshaondoka. Mdogo wake alijaza mapipa yote. Mimi nikapanda pikapu kuanza safari ya kurudi Durban.

Warwick nilikuta meza yake imeshapewa dada mmoja anayeuza soksi. Alinisalimia kwa uchangamfu, akaniuliza kama biashara hapa ni nzuri. Nikamwambia ni nzuri, nikaanza kupanga mikanda yangu.