Ngao ya Jina la Jalalani

Mimi ni fundi cherehani, na riziki yangu nyingi hapa Johannesburg imetoka kwenye nembo. Simba, tai, taji, vitabu vilivyofunguliwa, vyote nimevidarizi kwenye mifuko ya makoti ya shule tangu tuhamie Bellevue. Kwa hiyo mwanangu alipoingia na boksi bapa kifuani, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba amenunua nembo ya ukoo wetu, mchoro haukunishangaza. Kilichonishangaza ni huo ukoo. Ukoo upi tena?

Aliifungua juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Ilikuwa ngao ya mbao nyeusi, yenye simba wawili waliosimama kwa miguu ya nyuma, kofia ya chuma ya askari wa zamani juu yao, na taji juu ya kofia. Chini, kwa herufi za dhahabu, jina letu. Nilipoliona linang'aa vile, nililifunika kwa kiganja. Sitaliandika hapa.

Mama yangu alizika watoto kabla yangu, mmoja baada ya mwingine. Kwetu, milimani mashariki ya Kongo, mtoto anayezaliwa baada ya vifo hivyo hapewi jina zuri. Anapewa jina la kuchukiza, ili kifo kikipita kimdharau, kiende zake. Mimi nikapewa neno lenye maana ya kitu cha jalalani. Lilikuwa langu peke yangu. Baba alikuwa na jina lake, wadogo zangu wana majina yao mazuri tu, maana kwetu kila mtu huzaliwa akapewa lake. Tulipofika huku, karani wa wakimbizi akataka jina moja la familia nzima. Akachukua langu, akambandika mke wangu, na watoto waliozaliwa baadaye wakabandikwa hilohilo. Marehemu mke wangu alicheka, akasema basi sasa sote ni takataka. Mimi sikucheka, ila karani yule hakuwa mtu wa kubishana naye.

Sitaki kumlaumu mwanangu bure. Alioa Mzulu, na siku tuliyokwenda kwao kuzungumza mambo ya mahari, mjomba wa binti alisimama akataja majina ya sifa ya ukoo wao, baba wa baba wa baba, kama maji yanavyotiririka. Alipomaliza wakatugeukia sisi. Mwanangu akatazama viatu vyake. Aibu ile sijaisahau. Na sasa mkewe alikuwa na mimba, baada ya nyingine mbili kuharibika, na wakwe walikuwa wameshasema kwamba mtoto akizaliwa atatambulishwa kwa mababu kwa jina la ukoo wake. Mwanangu akaenda kwenye duka moja la Randburg linalochora nembo za majina. Wakamwambia simba ni ushujaa, dhahabu ni ukarimu, kofia ni heshima ya watu wa vita. Jina lenyewe, eti, ni la kale sana, huenda la kifalme.

La kifalme! Hasira zilinipanda, nikamwambia palepale maana yake, nikamwambia na airudishe alikoitoa. Akasema, "Papa, mimi ndiye hilo jina. Sina lingine." Akaifunga ngao yake, akaondoka nayo bila kuaga.

Nikampigia mama simu. Bado yuko hai kule nyumbani, na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Nilipomweleza, aliniuliza mara mbili kama kweli kuna taji.

"Lile jina lilikuwa la kudanganya," akasema. "Mmelivisha taji. Sasa kifo kinajua mlipo."

Mimi ni mtu wa kanisa. Nilijiambia hayo ni mambo ya wazee, nikaendelea na kazi, na sindano ikanichoma vidole wiki nzima kama mwanafunzi. Jumapili nilikwenda kwao Randburg baada ya ibada. Ngao walikuwa wameitundika chumbani, juu ya kitanda kitupu cha mtoto. Mkwe wangu aliipangusa vumbi mbele yangu, huku ameshika tumbo, akaniuliza kwa furaha kama simba hawajapendeza. Nilisema wamependeza.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati. Wa kiume, mdogo, ngozi imemlegea kama shati la mtu mzima. Hospitali walikaa naye, wakamruhusu, wakamrudisha, wakamruhusu tena. Alikuwa hanyonyi vizuri, akilia kwa sauti nyembamba, na madaktari wakisema tungoje tuone. Nilipomweleza mwanangu maneno ya bibi yake, aliitoa ile ngao ukutani mwenyewe, bila kuambiwa aitoe. Mtoto hakupata nafuu.

Ndipo asubuhi moja walipofika kwangu wote watatu. Mwanangu alikuwa amepita robot, taa za barabarani, ikiwa nyekundu, naye hakunisalimu. Aliniuliza tu, "Bibi anasema tufanye nini?"

Nilikuwa nalijua jibu kwa sababu mimi mwenyewe nilifanyiwa. Mtoto anawekwa penye takataka. Mtu asiye wa damu anamwokota, anauliza ni wa nani, na wenyewe wanamkana, ili kifo kione hana wa kumlilia. Nilidhani mkwe wangu atakataa, atanitukana hata. Aliuliza tu kama mtoto hatapata baridi.

Tukatandika blanketi chini uani, kando ya mapipa ya taka ya manispaa. Jirani yetu Mrundi, mama anayesuka nywele chumba cha pili, sikuhitaji kumweleza lolote. Kwao pia mambo hayo yapo. Alikuja amejifunga kitenge, akainama, akamwinua mtoto aliyekuwa akilia.

"Huyu mtoto ni wa nani?" akauliza.

Mimi nikasema simjui. Mkwe wangu nilikuwa nimemfundisha neno hilo mlangoni, akalisema huku machozi yanamwingia mdomoni. Akabaki mwanangu. Mama yule akarudia swali. Mwanangu, ambaye maisha yake yote Kiswahili kimemkwama kooni, akajibu, kikatoka kimenyooka kabisa.

"Simjui. Si wa kwetu."

Jirani akageuka, akaingia naye chumbani kwake, akafunga mlango. Mkwe wangu akaniuliza sasa mtoto ataitwa nani, na nikamwambia ukweli, kwamba aliyeokota ndiye anayetoa jina. Mwanangu alikaa chini kwenye saruji akiwa na suruali yake ya kazi. Alikuwa ametaka tu mtoto wake awe na mahali pa kuhesabiwa, naye ndiye aliyemtoa kwa mdomo wake.

Kutoka ndani tulimsikia yule mama akimwita mtoto kwa jina ambalo hatukulijua. Aliliita mara ya kwanza, akaliita tena, na kilio kikakatika.

Mwanangu akanishika mkono. "Papa, anapumua?"

Nilimwambia anyamaze, tusikilize.