Namba Iliyotokea kwenye Simu ya Mke Wangu

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeniachia masikio mazima hata baada ya meno kuondoka, na akanipa subira ya kulisimulia jambo ambalo kwa muda mrefu nilishindwa kulitaja bila kulia. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Kwa miaka mingi nilikuwa opereta wa simu Singida Mjini. Mtu akipiga kutoka mbali, simu yake ilipitia kwangu. Nilimwita anayetafutwa, nikamwambia, "Ni mwanao, zungumza." Baadaye mitambo mipya ikaja, mashirika yakabinafsishwa, sisi maopereta tukapunguzwa. Mungu hakuniacha. Mfanyabiashara mmoja alifungua chumba cha intaneti karibu na soko, akanichukua kwa sababu nilizijua tabia za laini.

Wakati huo mtoto wetu wa pekee alikuwa ughaibuni, akifanya kazi ya ghala. Simu ya kawaida ilikuwa ghali, hivyo mama yake alisikia sauti yake mara chache sana kwa mwaka. Niliposikia kwamba sauti inaweza kusafiri kwenye intaneti, nikaazimia kuwatengenezea njia. Kijana angepiga kwa kompyuta, sauti ifike kwenye kompyuta yetu dukani, halafu kisanduku kidogo chenye laini ya simu kiipeleke moja kwa moja kwenye simu ya mama yake nyumbani. Nilitaka isipite mkononi mwa mtu yeyote. Katika uopereta nilikuwa nimesikia siri nyingi mno za watu, nikasema safari hii sitasimama katikati ya mama na mwanawe.

Kazi ilinichukua wiki kadhaa. Kwanza sauti ilirudi kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Nikapunguza kipaza sauti. Kisha ikawa inakatika kila mteja alipofungua picha, nikawaomba wasubiri kidogo. Kupima, nilisoma Alhamdu polepole, na kijana kule alinitajia neno lilipopotea. Mwenye chumba alikuwa akicheka.

"Mzee, Mungu anakusikia hata bila mashine!"

"Yeye ndiyo," nikamjibu. "Mama yake huyu ndiye anayehitaji mashine."

Siku sauti ilipotulia, tulijaribu njia yote kwa kumpigia mwenye chumba mwenyewe. Simu yake ikalia mfukoni. Alitazama kioo, akaangua kicheko.

"Mzee, mbona hapa inaonekana duka langu ndilo linalonipigia?"

Nikacheka naye. Nilijua ni kisanduku, kwamba kila simu iliyopitia humo ingeonyesha namba ya dukani. Nikaliona jambo dogo. Nyumbani nilimwambia mke wangu tu kwamba mwanawe atampigia wiki hiyo, inshallah. Akaifunga simu kwenye pindo la kanga, akaingoja ile namba ndefu ya nje aliyoizoea.

Hapo ndipo nilipokosea. Mimi na mke wangu tulikuwa na mapatano yetu, kama watu wengi wa siku zile waliotunza vocha. Nikifunga kazi nilimbipu kwa laini ya dukani, simu ilie kidogo nikate. Maana yake: natoka, weka maji ya ugali. Asipokee. Kwa muda mrefu hakuwahi kuipokea namba ile.

Siku moja ya wiki ile nilirudi baada ya Alasiri kama kawaida. Nilikuta ugali wa uwele umeshapoa mezani, mlenda umeshika ngozi juu, na mke wangu amenuna.

"Baba wee, leo ulikuwa na nini? Umebipu mara tatu! Ya kwanza nikaweka maji. Ya pili nikasema mzee ana njaa leo. Ya tatu nikasonga. Ulipitia wapi?"

"Nimebipu mara moja tu," nikasema. "Sasa hivi, wakati natoka."

"Basi ya nne ndiyo hiyo."

Niliichukua simu, nikaangalia. Namba ya dukani, mara nne. Tatu za kwanza zilifuatana karibu karibu, na mke wangu akasema zililia hadi mwisho. Nilirudi dukani mbio, kwa umri ule, nikampigia kijana. Hakupokea.

Asubuhi mwenzake aliyekaa naye ndiye aliyepiga. Kijana alikuwa amelazwa ghafla kwa maumivu ya tumbo, na kabla ya kuingizwa kwenye upasuaji alimwomba mwenzake kompyuta. Alitaka radhi ya mama yake tu, basi. Alipiga mara tatu. Hakutoka salama kwenye upasuaji.

Nilimweleza mke wangu yote, pamoja na kosa langu. Hakunilaumu. Aliuliza kama wameshamzika. Nikamwambia bado, msikiti wa kule unamwandaa.

"Basi naomba unipe njia ile ile."

Mwenzake alikubali kuisogeza sauti karibu na sikio la kijana kabla ya kumbeba kwenda kuzikwa. Niliacha kila kitu dukani kama kilivyokuwa, nikaenda nyumbani kukaa na mama yake. Simu ikalia. Kwenye kioo ilikuwa namba ya dukani. Alinitazama mimi niliyekaa mbele yake, akapokea.

"Mwanangu," alisema, "nimekuwia radhi. Nilikuwa jikoni, baba. Nilikuwa jikoni."

Sauti yake ilipita safi siku ile. Yule mwenzake alisema hakuna neno lililokatika.

Nilikuwa nimepima mwangwi, nimepima kuchelewa kwa sauti. Sikupima kile ambacho mke wangu angekiona kwenye kioo.

Wewe unayesoma, Mungu akulindie wanao walio mbali na walio karibu. Akufikishie sauti zao wakiwa hai, akupe wasaa wa kuzipokea, na azijaalie radhi zako ziwafikie kabla hawajaziomba. Amin.