Mashine Imsubiri Driciru

Huko Ludara, ukitaja odi, lile rojo la karanga na ufuta linalotiwa kwenye mboga, umemtaja Driciru. Tangu afiwe na mumewe, jiwe la kusagia ndilo lililomlisha. Siku ya soko wateja walipanga foleni mbele yake, naye akisaga huku akiwatania. "Wewe uliyeoa juzi, mbona umekonda? Ongeza odi."

Basi jirani yake Swaib, mwenye duka, akaleta mashine ya sola kutoka Arua. Ilisaga beseni zima kabla Driciru hajamaliza kikombe. Foleni ikahama yote, hata wifi yake Filda akapita akijifanya anatazama kuku. Driciru aliumia, tusidanganyane. Aliliosha jiwe, akaliegemeza ukutani, akajiuliza atakula nini ikiwa mikono yake haitakiwi tena.

Wiki ya tatu yakaanza manung'uniko. Odi ya mashine ilikuwa chungu, nyingine inanuka ubichi. Watu walipoona mashine ina haraka, nao nyumbani wakakaanga kwa haraka kabla ya kuzileta: karanga zimeungua nje, ndani mbichi. Wakamlaumu Swaib. Swaib akailaumu mashine, akaifungua hadi skrubu ya mwisho asione kosa.

Akamwendea Driciru, kofia mkononi. "Mama, mashine iko mzima, lakini odi iko chungu. Mimi nashindwa."

Driciru akachukua karanga moja aliyoletewa, akatafuna, akacheka mpaka machozi. "Mashine yako haina makosa, mwanangu. Iko na meno, pua ndiyo hakuna."

Siku ya soko iliyofuata, mafiga yake yalikuwa kando ya mashine. Wateja sasa huleta karanga mbichi, wakamlipa yeye kwa kukaanga na Swaib kwa kusaga. Driciru huzigeuza sufuriani, akasikiliza maganda yakianza kupasuka, akanusa, akaonja moja. Mabega hayamuumi tena, na hilo hakulitarajia hata kidogo. Filda amerudi, wa kwanza kwenye foleni, na hakusamehewa bure: yeye ndiye mchochea moto.

Swaib husimama kidole kikiwa kwenye swichi.

"Mama, niwashe?"

"Bado."

Foleni nzima husubiri. Driciru huonja nyingine, taratibu, kwa raha zake.

"Haya, sasa," husema, na mashine hupata kazi.